Tikal kwa wawili wenye bajeti ndogo

Kama wewe na mwenzio mnapanga kwenda kuona magofu ya Wamaya kule Tikal, Guatemala, msilale ndani ya hifadhi, bei za mle zinakausha mfuko. Laleni Flores, kimji kilicho kisiwani katika ziwa Petén Itzá, au kijijini El Remate, karibu zaidi na magofu. Kutoka Flores ni kama kilomita 65, na kuna mabasi madogo ya abiria kama daladala zetu; hakuna haja ya kukodi gari.

Kiingilio hakina majadiliano, kwa hiyo okoeni kwenye chakula. Jioni vukeni hadi soko la Santa Elena, mji ulio ng'ambo ya kisiwa cha Flores, mkanunue tortilla (vile vichapati vya mahindi), maharage na parachichi. Maji bebeni ya kutosha, maana joto la msituni halina huruma.

Mkishaingia, nendeni moja kwa moja Hekalu la Nne kabla jua halijakolea. Lina urefu wa karibu mita 65, na hupandwa kwa ngazi za mbao. Juu pale, vilele vya mahekalu mengine vinachomoza katikati ya miti, na kima wananguruma utadhani simba. Kaeni hapo hata saa nzima.