Kurusha Droni ya Kamera Asubuhi za Baridi Kali Kitulo na Makete

Kati ya Juni na Agosti, alfajiri katika uwanda wa juu wa Kitulo na vijiji vya Makete, kusini mwa Tanzania, inaweza kuwa na baridi ya nyuzi sifuri au chini yake, na nyasi zilizofunikwa na sakitu (umande ulioganda) huwapa wapiga picha mandhari wasiyoipata msimu wa maua. Droni nyingi za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40 za sentigredi, na kinachozikwamisha kwanza chini ya hapo ni betri.

Betri ya lithiamu inapopoa, ukinzani wake wa ndani huongezeka, kwa hiyo droni inapovuta umeme mwingi kwa ghafla, kama vile inapopaa kwa kasi au kupambana na upepo, volti hushuka hata kama chaji bado ipo. Ndiyo maana betri inayoonyesha asilimia 60 inaweza kuilazimisha droni kutua yenyewe katikati ya bonde. Usitegemee asilimia peke yake, bali fungua sehemu ya programu inayoonyesha volti ya kila seli, yaani kila kipande kidogo kinachounda betri: seli ya kawaida iliyojaa husoma takriban volti 4.2, na ukiona yoyote inakaribia 3.3 droni ikiwa angani, irudishe mara moja.

Jaza betri usiku ukiwa ndani ya nyumba, na asubuhi zibebe kwenye mfuko wa ndani wa koti njia nzima, hasa kama unapanda kutoka Mbeya mjini kupitia Isyonje nyuma ya pikipiki, ambako upepo hupoza kila kitu kilichoachwa kwenye begi. Betri iwe na angalau nyuzi 20 kabla ya kuruka. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa sweta pamoja na betri husaidia, mradi kizibo kimekazwa. Kuzipasha joto kwenye jiko la mkaa, jambo linalovutia sana saa kumi na mbili asubuhi, kunaweza kuzivimbisha au kuziwasha moto.

Tandika turubai dogo ili umande usirushwe kwenye kamera, kisha iache droni ielee mita mbili kutoka ardhini kwa dakika moja hivi, betri ijipashe moto kwa kazi yake yenyewe, ndipo uipandishe taratibu. Kumbuka kwamba Kitulo iko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya tano kuliko pwani, hivyo mapanga ya droni hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kula chaji zaidi. Kwa maoni yangu, asilimia 40 ndiyo ya kugeuza kurudi, si 20 iliyozoeleka.

Ukungu ukitanda, usiruke. Matone yake yanaweza kuganda juu ya mapanga na kuyaharibia umbo, droni ikapoteza uwezo wa kujinyanyua. Sakitu nayo huidanganya kamera, ikatoa picha ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo mwenyewe. Simu iliyofungwa kwenye rimoti pia huzimika kwa baridi, basi ianze ikiwa imejaa.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kishughulikiwe mapema, na kwa kuwa Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ruhusa ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, inahitajika pia.

Ukimaliza, ifungie droni ndani ya begi kabla ya kuingia kwenye chumba chenye joto, na usilifungue mpaka ipate joto, vinginevyo unyevu utajikusanya kwenye lenzi na saketi. Betri nazo zisichajiwe zikiwa baridi, kwa sababu chini ya nyuzi sifuri lithiamu hujipaka ndani ya seli kama metali, na uharibifu huo haurekebishiki.