Gari la rimoti linakata kona vizuri upande mmoja tu? Kagua shasi
Kabla hujabadilisha springi, hakikisha shasi haijajipinda. Magari ya lami ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) yenye bamba la kaboni chini na jingine juu yakigonga ukingo, skrubu huhama kidogo ndani ya matundu na gari hubaki limekazwa likiwa limepinda.

Chomoa ncha moja ya kila stebilaiza (kifimbo kinachounganisha saspensheni ya kushoto na ya kulia), maana hupotosha kipimo. Weka gari kwenye kioo kinene, betri ikiwa ndani. Ingiza ncha ya kisu chini ya shasi mbele, katikati kabisa, uinue polepole: magurudumu yote mawili yaachane na kioo kwa pamoja. Rudia nyuma.

Moja likitangulia, hakikisha kwanza mikono ya saspensheni ya kushoto na kulia inashuka sawa na shokapu zina urefu mmoja. Kama ziko sawa, toa magurudumu na shokapu, legeza skrubu za bamba la juu nusu mzunguko, kandamiza shasi ilale bapa kwenye kioo, kisha kaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Stebilaiza rudisha mwisho, upime tena. Zikiharibu usawa, rekebisha urefu wa viungo vyake.