Tarehe za gawio la hisa za DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam): angalia hapa kwanza

Wenye hisa za CRDB, NMB, Twiga na wenzao, acheni kutegemea tetesi za kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Fungua tovuti ya DSE, sehemu ya matangazo ya kampuni, au ukurasa wa wawekezaji wa kampuni yenyewe. Kampuni ambazo mwaka wao wa hesabu huishia Desemba hufanya mkutano mkuu, ambao ndio hupitisha gawio, kuanzia Mei au Juni, kwa hiyo anza kuchungulia mapema.

Ukilipata tangazo, usikimbilie tarehe ya malipo (wengi ndiyo wanayoiona tu). Tafuta siku ya mwisho ya kununua hisa zikiwa bado na haki ya gawio. Mauzo DSE hukamilika siku 3 za kazi baada ya biashara, hivyo ukinunua Jumatatu na daftari la wanahisa likafungwa Jumanne, jina lako halimo. Gawio ni la aliyekuuzia.

Ukiwa hapo, mwulize dalali wako wa hisa kama akaunti ya benki au namba ya simu iliyosajiliwa bado ndiyo unayoitumia. Na gawio litakuja likiwa limeshakatwa kodi ya zuio asilimia 5.