Joto la kaskazi likiingia: ya kuandaa kabla kama unataka kula chepesi mchana

Jamani sisi wa Dar na pwani yote kwa ujumla, upepo wa kaskazi ukishaingia Desemba mpaka Machi masika yakikaribia, mchana unagonga nyuzi 32 mpaka 33 na juu yake kuna ule unyevu wa bahari, yani hata usiku feni inakupulizia hewa ya moto. Ndo kipindi ambacho kila mtu anasema leo nakula kitu chepesi tu, halafu saa saba inafika ndani hakuna kilichoandaliwa, mtu ana njaa na jasho linamtoka, anaishia kununua chipsi au anabandika wali jikoni kwenye joto lile lile. Mi nimeshaona kwamba mlo wa mchana wa kipindi hiki unaupika jana yake usiku na alfajiri, mchana kazi yako ibaki kukata na kuchanganya. Kwa hiyo naandika ya kuandaa kabla, mapishi yenyewe ni madogo sana.

Anza na moto. Chochote kinachotaka jiko kiwe kimetoka jikoni kabla ya saa mbili asubuhi, nyumba zetu nyingi ni bati na jiko ni hapo hapo ndani, ukiliwasha saa sita umeongeza joto chumba kizima na jioni bado unalihisi ukutani. Mi nikishaswali alfajiri nabandika kunde au choroko, pembeni mayai ya kuchemsha au viazi, nikimaliza nimemaliza, sirudi tena jikoni na kiberiti mpaka jua lizame. Kunde unaziloweka usiku wakati unataka kulala. Usiloweke tangu mchana, kwa joto hili maji yale yanaanza kutoa povu na harufu, na ukiamka uyamwage, uoshe, uweke maji mengine ndo ubandike.

Zikiiva sasa, hapa ndo wengi tunakosea. Usiziache kwenye sufuria na mfuniko juu. Chukua sinia pana, zichuje, zitandaze zipate hewa, funika na kitambaa safi cha wavu kwa ajili ya nzi, zikipoa tu ziingie kwenye friji. Chakula kikiwa kingi kwenye sufuria lenye kina, juu unagusa unaona kimepoa kumbe katikati bado kina uvuguvugu masaa na masaa, na uvuguvugu ndo unaoharibu.

Hili nalisema kwa uchungu kwasababu lilinikuta. Mwaka juzi mwezi wa pili nilibakisha wali wa nazi usiku, nikaufunika nikauacha juu ya jiko, asubuhi nikanusa hauna harufu yoyote, nikaupasha vizuri tu nikampa mwanangu ale aende shule. Saa nne napigiwa simu mtoto anatapika hana hata nguvu ya kusimama. Nilikuja kujifunza baadae kwamba kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka, wali ukikaa kwenye joto la chumbani zinaamka zinazaana na kutoa sumu, na ile sumu ya kutapisha hata uupashe moto vipi haitoki. Pua haikuambii. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisizidi masaa 2 nje ya friji, na Wamarekani wao wanasema hali ya hewa ikizidi nyuzi 32 iwe saa 1 tu, sasa angalia Februari ya Dar tuko wapi. Na wa nazi ndo usiulize, tui lenyewe linachacha upesi. Kwa hiyo kipindi cha kaskazi pika cha kuisha, pima vikombe, anayetaka kuongeza aongezewe tunda.

Halafu umeme. Usipange chakula chako kana kwamba friji itawaka siku nzima. Umeme ukikatika na mlango ukabaki umefungwa, friji inalinda chakula kama masaa 4, friza iliyojaa inaweza kufika masaa 48 na iliyojaa nusu masaa 24, lakini kila mtoto akifungua kutafuta maji ya baridi masaa hayo yanapungua. Mi nafanya hivi, kila usiku najaza maji chupa mbili tatu za lita moja na nusu nazilaza friza zinagandia humo, umeme ukienda nazihamishia kwenye deli pamoja na mtindi, mboga zilizokatwa na kunde, nafunga, hakuna mtu kufungua mpaka saa ya kula. Kama huna friji kabisa basi chakula chako cha mchana kiwe kile kisichohitaji friji, matunda ambayo hayajakatwa, karanga, mkate, parachichi, na nyama na samaki uviache viwe vya jioni, unanunua unapika unakula.

Maji ya kunywa chemsha usiku, yatapoa wakati mmelala. Mtungi wa udongo ni mzuri, maji yanavuja kidogo kidogo kwenye udongo yanakauka kwa nje na hapo ndo yanapopoa, ila niseme ukweli pwani hautapata ubaridi kama wa Dodoma, hewa ya kule ni kavu na ya huku imeshajaa unyevu kwa hiyo maji hayakauki vizuri. Uweke penye kivuli na upepo, kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu, mikono isiingie. Na barafu, tafadhali, barafu ni maji. Ukishahangaika kuchemsha ya kunywa halafu ukatupia kipande cha barafu ambacho hujui maji yake yametoka wapi, umerudi pale pale, na kipindupindu mji huu tunakijua.

Kachumbari inataka kuandaliwa kwa mpango wake. Kitunguu kikate chembamba asubuhi, kitie chumvi kikifikiche kwa mikono mpaka kilegee, suuza maji safi mara mbili, ule ukali unaondoka na tumboni hakikusumbui. Nyanya chagua ngumu kidogo. Tango usilimenye lote, acha mistari ya ganda, linabaki na ugumu. Vyote viweke friji kila kimoja na bakuli lake, na chumvi na ndimu usitie mpaka watu wamekaa mkekani, kwasababu ukitia mapema inatoa maji unakula mchuzi. Saa saba ikifika chukua zile kunde za baridi, changanya na kachumbari, kamulia ndimu, kata embe bichi vipande vidogo vidogo ndani, pilipili mbuzi kidogo kwa wakubwa, mafuta kijiko kimoja. Hiyo inashibisha na huendi kulala kama gogo. Wanaume wa nyumbani kwangu mwanzo walinung'unika wakisema hiki ni kitafunio, nikaongeza yai na kipande cha mkate, sa hivi wanauliza wenyewe.

Matunda bahati yetu joto na embe vinakuja pamoja, dodo na bolibo zimejaa sokoni kuanzia Novemba. Nunua mazima. Ya kukatwa barabarani yaliyokaa juani na nzi mi siwezi kukushauri. Tikiti lioshe kwanza ganda lake kwa maji na sabuni kabla ya kisu, kwasababu lililala chini shambani, kwenye lori, chini tena sokoni, na kisu kinapopita kwenye ganda kinauingiza uchafu wote ndani kwenye nyama ya tunda. Watu wanacheka nikisugua tikiti kama sufuria, waache wacheke. Ukishalikata, la kubaki friji, au ligawane na jirani.

Samaki kwa kifupi, nenda soko la Feri mapema na uende na chombo chenye barafu, hasa kama unachukua jodari au vibua, hao wakikaa joto wanatengeneza kitu kinachowasha mdomo na kuleta vipele mwili mzima, na kukaanga hakusaidii kukitoa.

Vinywaji, ukwaju loweka usiku, asubuhi kamua chuja weka baridi, sukari tia nusu ya ile uliyozoea. Wenye asili ya Ruvuma na Iringa mnajua togwa ilivyo, glasi ya togwa baridi ni mlo kabisa, ila ikae friji maana kwa joto hili inaendelea kuchachuka. Madafu ni mazuri sana lakini mwenye shida ya figo aulize daktari kwanza, yana potasiamu nyingi. Na wazee wetu wasisubiri wasikie kiu, kiu kwao inachelewa kuja, mpe bibi kikombe mkononi kila baada ya muda. Weka na paketi mbili tatu za maji ya chumvichumvi ndani, za duka la dawa, ukiishiwa usiku ni lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote viwe vya kusawazishwa sio vya mlima, na chumvi usizidishe.

Kwa wanaofunga, Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka na miaka hii imetuangukia Februari na Machi, kwenye joto lenyewe. Hapo mpango unageuka, jiko linawashwa alasiri, kwa hiyo futari punguza vya kukaanga, andaa uji na tunda na kunde zile zile za kuloweka, na maji yagawe kuanzia magharibi mpaka daku usiyanywe yote kwa mkupuo. Daku yenyewe mtindi, tango, ndizi na kiazi kitamu, na ule wali uliobaki wa futari uliokaa mezani tangu saa moja usiku usimpe mtu.