Mfuko wa dawa za presha na moyo: namna ya kuupanga usije ukakudhuru

Nilianza kazi kwenye dirisha la dawa, sasa niko kliniki ya presha na moyo hapa Tanga. Mgonjwa mpya akikaa mbele yangu, cheti nakiangalia baadaye. Kwanza naulizia mfuko: "Mama, kesho niletee dawa zote zilizoko nyumbani, hata zile ulizoacha kumeza." Wengi huzileta kwenye mfuko wa rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini kila nyumba ina mmoja uliosalimika kwa ajili ya dawa.

Ninachoandika hapa ni yale ninayofanya na mgonjwa mezani, hatua moja baada ya nyingine, ili uyafanye mwenyewe au umfanyie mzazi wako. Dozi haibadilishwi kwa kusoma mtandaoni, na mimi simjui daktari wako alikupimia nini. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyo kwenye boksi ili uweze kuyalinganisha na yako.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mezani

Kila boksi lina majina mawili. Kubwa ni la kiwanda, lile la rangi. Chini yake, kwa maandishi madogo, kuna jina la dawa yenyewe likifuatiwa na namba ya miligramu. Chukua daftari uandike hilo dogo.

Kuna mama mmoja alikuja miguu imevimba, akisimama anaona kizunguzungu. Akaniambia, "Mwanangu, hii nyeupe nameza asubuhi, hii ya boksi la bluu jioni. Na hii ya mkojo nimepewa juzi kwa sababu ya miguu." Nikageuza maboksi. Nyeupe: amlodipine 10 mg. Ya bluu: amlodipine 10 mg. Duka la kwanza lilikuwa limeishiwa, la pili likampa ya kiwanda kingine, naye akaona rangi tofauti, akajua ni dawa mpya ya kuongezea. Kwa kawaida amlodipine haizidi miligramu 10 kwa siku, na kuvimba vifundo vya miguu ni moja ya mambo inayoyaleta yenyewe. Kwa hiyo dawa ya kwanza ilimvimbisha, na ya mkojo ikaja kutibu uvimbe wa dawa.

Ukikuta jina dogo limejirudia kwenye maboksi mawili, weka moja pembeni na upige simu kliniki siku hiyohiyo. Angalia pia mwisho wa majina. Yanayoishia na "pril" (enalapril, lisinopril, captopril) ni ndugu. Yanayoishia na "sartan" (losartan, valsartan, telmisartan) ni binamu zao, na kwa kawaida pril na sartan hazimezwi pamoja. Ukikuta zote mbili kwenye mfuko mmoja, huenda daktari alibadilisha dawa na hakuna aliyekwambia uache ya zamani. Kidonge cha mchanganyiko utakijua kwa majina mawili na namba mbili, mfano losartan na hydrochlorothiazide 50/12.5 mg. Huenda ile losartan ya peke yake uliyonayo tayari imo humo.

Halafu bahasha za karatasi. "1x2" maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Nimeona watu wakimeza viwili kwa mkupuo. Bahasha isiyo na jina la dawa irudishe dirishani iandikwe, hata kama foleni imekukera.

Hatua ya 2: Jua kila kidonge kina kazi gani

Mtu anayejua kazi ya kidonge hakiachi ovyo, ndiyo maana natumia dakika kumi kwa jambo hili.

Pril na sartan hulegeza mishipa na kuupunguzia moyo mzigo. Captopril, ya kwanza kumezwa katika kundi hilo, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Wazee hupenda sana kusikia habari hiyo, na najua wengine huzimeza kwa heshima zaidi tangu siku hiyo. Pril zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Kikikusumbua usinunue dawa za kikohozi mwezi mzima. Sema kliniki, utabadilishiwa. Adimu zaidi, lakini ni dharura: midomo, ulimi au koo kuvimba. Hapo acha dawa na ukimbie hospitali, na usiimeze tena maishani.

Zinazoishia na "lol" (carvedilol, bisoprolol, atenolol) hupunguza mbio za moyo. Kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole, na wiki za mwanzo unaweza kujisikia mchovu. Usiziache ghafla hata kidogo, maana moyo hurudi kwa kasi na vibaya. Carvedilol imezwe na chakula. Ukiwa na kisukari, jua kwamba dawa hizi zinaweza kuficha mapigo ya haraka ambayo hukuonya sukari inaposhuka.

Furosemide ni kidonge cha mkojo: hutoa maji mwilini. Spironolactone nayo hutoa maji, ila hubakiza potasiamu (madini ya damu ambayo yakizidi ni hatari kwa moyo), na kwenye moyo kazi yake ni kubwa kuliko kukojoza tu. Kundi la pril, sartan na spironolactone linahitaji kipimo cha figo na potasiamu kabla ya kuanza, kisha wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza au kupandishiwa dozi. Kama hujawahi kutolewa damu kwa kazi hiyo, uliza.

Mwanamke anayeweza kushika mimba ajue hili mapema: pril na sartan huharibu figo za mtoto tumboni. Siku zikipitiliza, usisubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 3: Andika ratiba kwa saa za Kiswahili

Chora safu nne: jina dogo, miligramu, asubuhi, jioni. Bandika ndani ya mlango wa kabati. Kidonge cha mkojo kiwe asubuhi, na kama ni mara mbili, cha pili kisipite saa kumi alasiri. Vinginevyo usiku mzima ni safari za chooni, na wazee wengi huangukia safarini humo.

Ukiweka kengele kwenye simu, kumbuka saa mbili asubuhi kwa simu ni 8:00. Babu mmoja aliwekewa na mjukuu wake 2:00. Kwa wiki nzima aliamka saa nane usiku, akameza dawa, akarudi kulala akishangaa ukali wa daktari.

Umesahau dozi? Meza ukikumbuka, ila kama ya pili imekaribia, iache iliyopita. Usifidie kwa kumeza mbili.

Dawa ikae kwenye karatasi yake ya kiwandani, mahali pakavu, mbali na jua. Hapa pwani dirishani hapafai, na juu ya friji panapata joto. Kidonge chenye maandishi "retard", "SR" au "XL" hakisagwi wala hakitafunwi, kwa sababu kimetengenezwa kitoe dawa kidogokidogo.

Hatua ya 4: Pima presha kama mtu mwenye nafasi

Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usitoke shamba ukapima. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Usiongee. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote. Mkono mnene unahitaji mkanda mpana, kwani mwembamba huongeza namba.

Namba za nyumbani huwa chini kidogo kuliko za kliniki: 135/85 ya nyumbani ni sawa na 140/90 ya kwetu. Namba moja ya juu siku ya ugomvi na jirani haina maana kubwa. Naangalia daftari la wiki nzima.

Na hapa kuna tabia moja inayonikera. Presha ikionekana juu, mtu anawekewa kidonge cha nifedipine chini ya ulimi ishuke haraka. Ikishuka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu. Usikubali kufanyiwa hivyo nyumbani, wala usijiongezee dozi.

Hatua ya 5: Kwa mgonjwa wa moyo, mzani ni dawa ya pili

Kila asubuhi: amka, kojoa, usile, panda mzani na nguo nyepesi, andika. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hujanenepa, hayo ni maji. Piga simu siku hiyo. Mara nyingi mzani hutangulia kabla pumzi haijabana.

Kama huna mzani, bonyeza mfupa wa goko kwa kidole ukihesabu hadi kumi. Kishimo kikibaki, andika. Hesabu pia mito. Aliyekuwa analala na mmoja akianza kuhitaji mitatu ili apumue, maji yameshafika kwenye mapafu.

Hatua ya 6: Vitu ambavyo mfuko huu hautaki kukutana navyo

Cha kwanza, na kwa mbali, ni dawa za maumivu aina ya diclofenac na ibuprofen. Hupandisha presha, huzuia maji mwilini na hubana figo. Zikikutana na pril au sartan pamoja na kidonge cha mkojo, figo hupigwa kutoka pande tatu. Tatizo ni kwamba mgonjwa hazihesabu kuwa dawa. Namuuliza, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" "Hakuna." "Na mgongo?" "Aa, ule nachoma sindano tu pale dukani." Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ni salama zaidi, ila si ile ya kuyeyusha kwenye maji yenye povu, maana ina sodiamu nyingi.

Dawa za mafua zenye pseudoephedrine hupandisha presha. Dawa za nguvu za kiume kama sildenafil zikikutana na nitrati, vidonge vya kifua kinachobana kwa sababu ya moyo, mfano isosorbide, presha inaweza kuanguka hadi kuua. Wanaume hawaniambii hili mbele ya wake zao, kwa hiyo nauliza pembeni. Nawe mwambie mfamasia pembeni, hatacheka.

Chumvi yote ya siku isifike gramu 5, ambayo ni kama kijiko cha chai kimoja kikiwa sawa, pamoja na iliyojificha kwenye papa mkavu, ng'onda, mkate na vile vidonge vya kiungo cha mchuzi. Papa loweka, mwaga maji, rudia, na bado kula kidogo. Chumvi zinazouzwa kama "nyepesi" au za sodiamu kidogo mara nyingi zimetiwa potasiamu. Kwa anayemeza pril, sartan au spironolactone, hiyo ni hatari kwa moyo.

Juisi ya rozela, mlonge, kitunguu saumu: sigombani navyo kama chakula. Nagombana navyo vinapochukua nafasi ya kidonge.

Hatua ya 7: Siku zisizo za kawaida

Ukiharisha au kutapika kiasi cha kukaukiwa maji, pril, sartan na vidonge vya mkojo vinaweza kuumiza figo. Piga simu kliniki siku ya kwanza, uulize zipi zisimame na zirudi lini. Mara nyingi ni siku moja au mbili, ila mgonjwa wa moyo asiamue peke yake.

Ramadhani ikikaribia, njoo wiki kadhaa kabla. Dawa za mara moja kwa siku mara nyingi huhamia futari au daku bila shida. Kidonge cha mkojo ndicho kinachohitaji mazungumzo, na kuna wagonjwa wa moyo ambao tunawaambia waziwazi wasifunge.

Asubuhi usiruke kitandani. Kaa ukingoni dakika moja, ndipo usimame.

Nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana, ukipata: kifua kubana, pumzi kukosekana ukiwa umekaa, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama, kuzimia, au presha ya 180/120 na kuendelea ikiandamana na lolote kati ya hayo. Presha ikifika hapo bila dalili yoyote, pumzika, pima tena, wasiliana na kliniki siku hiyo. Mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika na unameza "lol" au digoxin (dawa nyingine ya moyo inayopunguza mapigo), piga simu kabla ya dozi inayofuata.

Hatua ya 8: Unaporudi kliniki

Njoo na mfuko uleule, daftari la presha na uzito, na majibu ya figo ya mwisho. Asubuhi hiyo meza dawa zako kama kawaida. Wengi huja hawajameza "ili daktari aone presha halisi", kisha wanaongezewa dozi wasiyoihitaji.

Na hesabu vidonge kila Ijumaa. Vikibaki vya siku 7, ndiyo siku ya kwenda kuchukua vingine. Dirishani wakikwambia ya kiwanda chako haipo, wana nyingine, sema sawa, kisha geuza boksi usome jina dogo kabla hujaondoka.