Kuandika nasaba ya ukoo wa kitawala: yale ambayo familia za Moshi zinaweza kujifunza kwa Wahlubi

Kila Desemba, Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo hurudi Moshi na kuketi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na wazee wao, na huo ndio wakati ufaao kuandika nasaba, hasa kwa familia zilizotoa mamangi, yaani watawala wa jadi wa Wachagga. Wengi huanza vibaya, kwa kumwomba mzee ataje majina kutoka babu wa kwanza hadi wa mwisho, wakapata orodha inayopendeza lakini isiyoweza kukaguliwa na mtu yeyote.

Anza na majina ya heshima. Miongoni mwa Wahlubi wa Afrika Kusini, mtu anayeshukuriwa au kusalimiwa kwa adabu huitwa Radebe, Bhungane, Mthimkhulu, na humo mna majina ya wafalme waliopita. Kwa hiyo hata asiyewahi kufika kwenye makao ya kifalme hubeba kipande cha nasaba kinywani mwake. Mwulize bibi anavyomwitikia mtu wa ukoo wenu, kisha uandike kwa Kichagga chake mwenyewe kabla ya kutafsiri neno lolote.

Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote: tafuta tukio ambalo tarehe yake imeandikwa mahali pengine, kisha ulifanye kigingi cha kufungia maisha ya watu. Kwa Wahlubi kigingi hicho ni Langalibalele, mfalme aliyesifika kwa kuleta mvua ingawa jina lake lina maana ya jua kuwaka. Mwaka 1848 alihama na watu wake kutoka Zululand hadi Natal; mwaka 1873 akagombana na serikali ya kikoloni kuhusu kusajili bunduki za vijana wake, akavuka milima ya Drakensberg kuelekea Basutoland (Lesotho ya leo), ambako alikamatwa. Mwaka 1874 alihukumiwa na kupelekwa Kisiwa cha Robben, akarudishwa Natal mwaka 1887 na kufariki mwaka 1889. Sisi wa Old Moshi tunacho kigingi kilicho wazi vilevile, yaani tarehe 2 Machi 1900, siku Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli. Usimwulize mzee babu yake alizaliwa mwaka gani, kwa maana atabahatisha ili akuridhishe. Mwulize kama babu huyo alikuwa ameshatahiriwa Meli aliponyongwa, na alitahiriwa pamoja na nani.

Kisha fuatilia matawi, usifuate shina peke yake. Mthimkhulu, baba yake Langalibalele, alipouawa na Wangwane, watu wa chifu Matiwane, mwanzoni mwa karne ya 19, sehemu moja ya watu ilivuka milima pamoja na ndugu yake Mpangazitha, wengine wakaenda kusini na kuhesabiwa miongoni mwa Wamfengu, yaani wakimbizi waliopokewa na Waxhosa, na ndiyo maana leo Wahlubi wanapatikana KwaZulu-Natal, Eastern Cape na Lesotho. Orodha ya mstari mmoja ingewafuta wote hao. Andika pia jina la mama wa kila mtawala, kwa kuwa huko mrithi hutegemea nyumba ya mke mkuu wala si kuzaliwa kwanza tu. Na hata kihamba chetu, ambacho kwa desturi humpendelea kifungua mimba na kitinda mimba, hakieleweki pasipo kujua nani alizaliwa na mke yupi.

Mahali pa kukagua maneno ni ardhini: makaburi, mifereji, mstari wa masale, mimea inayopandwa mipakani. Tembea na mzee, kwa sababu akisimama mbele ya isale hukumbuka mambo aliyoyasahau akiwa kitini.

Wazee wakipingana, andika kauli zote mbili, pamoja na jina la msemaji na tarehe ya mazungumzo. Wahlubi waliwasilisha nasaba yao mbele ya tume ya serikali ili ufalme wao utambuliwe, na tume ikakataa; nasaba inapokuwa hoja ya kesi, kila upande hushawishika kunyoosha palipopinda. Hapa kwetu uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, kwa hiyo hakuna kiti cha kugombea, na mwandishi anaweza kuacha mipindo ilivyo. Ukimaliza, wasomee wazee maandishi yote kwa sauti kabla ya kutoa fotokopi, na mabishano yatakayozuka hapo uyaongeze kwenye ukurasa wa mwisho.