Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa

Wanaume wengi hukimbilia hospitali wakiona usaha kwenye uume au mkojo ukichoma. Hapo wako sahihi: kisonono mara nyingi hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 7. Ila ukiona kidonda kimoja kwenye uume, hakiumi, hakiwashi, usikidharau. Kaswende huanza hivyohivyo. Kidonda hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 hata bila dawa, mtu akashukuru Mungu, kumbe vijidudu vimehamia kwenye damu. Kipimo cha damu huibaini, na ikiwa bado changa, sindano ya penisilini hutosha. Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, nayo huweza kukaa kimya kabisa bila dalili yoyote.

Usinunue vidonge kwa kubahatisha, wala usimalizie vile vilivyombakia rafiki. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, na dawa ya kisonono si lazima itibu klamidia, ilhali magonjwa hayo mawili hupenda kuandamana. Ukienda kupima mkojo, jizuie kukojoa kwa saa moja hivi kabla. Omba na kipimo cha VVU siku hiyohiyo.

Mwenzi wako naye atibiwe, hata kama hana dalili. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini bila hayo mtaambukizana upya. Msikutane kimwili hadi siku 7 zipite baada ya wote wawili kumaliza dawa. Korodani ikivimba na kuuma ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo.